Keki ya Rangi Sita kwa Jiko la Nyumbani

Katika sherehe zetu keki hukatwa hadharani. Mshereheshaji hushika kipaza sauti, kisu hufungwa utepe, na kila anayelishwa kipande huitwa kwa nafasi yake katika ukoo: bibi mzaa mama, shangazi, baba mdogo, mama wa ubatizo. Wachaga huiita ndafu, yaani yule mbuzi mzima aliyeokwa na kupambwa, keki yao, kwa kuwa nayo hukatwa na kulishwa kwa utaratibu huohuo. Keki ya tabaka za rangi imependwa haraka katika siku za kuzaliwa, kipaimara, mahafali na hata Idi kwa sababu inalingana na desturi hiyo: kwa nje ni nyeupe tupu, na rangi zake huonekana pale tu kisu kinapopita mbele ya watu.

Wengi huniambia kwamba keki ya namna hii ni kazi ya duka lenye oveni kubwa na mafundi waliosomea. Sikubaliani nao hata kidogo, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Tabaka nyembamba huiva vizuri zaidi katika jiko la kawaida la nyumbani kuliko keki moja nene, na rangi safi hutokana na mambo mawili ambayo mpishi huyashughulikia kabla hajaigusa chupa ya rangi: kuzuia unjano wa viambato na kuzuia ukahawia wa moto. Anayeyaelewa hayo mawili ataoka keki ya rangi sita kwa oveni ndogo ya umeme, kwa jiko la gesi, au kwa sufuria na makaa.

Nianze na makaa, kwa kuwa huko ndiko sisi wa pwani tulikojifunzia kuoka. Nimekulia Tanga, na mkate wa mayai wa mama yangu ulipikwa kwa sufuria iliyopaliwa moto juu na chini. Mkate ule hauna siagi wala kitu cha kuumulia zaidi ya hewa iliyomo ndani ya mayai yaliyopigwa na sukari mpaka yakawa meupe na mazito. Baada ya hapo huongezwa unga na iliki, basi. Kwa kuwa hewa peke yake haiwezi kubeba mzigo mkubwa, rojo lake ni jepesi na mkate hauwi mnene sana. Wenzetu wa Indonesia wana keki iitwayo lapis legit, ambayo huokwa tabaka moja juu ya nyingine, kila tabaka ikiivishwa kwa moto wa juu kabla ya kumimina inayofuata, na kwa asili ilipikwa kwa makaa kama mkate wetu. Kuoka kwa tabaka, kwa hiyo, hakukuanza na oveni ya kisasa.

Kilichobadilisha keki duniani ni beking pauda. Mwaka 1843 mkemia wa Birmingham, Uingereza, aliyeitwa Alfred Bird, aliitengeneza kwa ajili ya mke wake, ambaye mwili wake haukupatana na hamira. Kuanzia hapo siagi nyingi na sukari nyingi ziliweza kuumuka bila kusubiri hamira na bila kumchosha mtu mkono kwa kupiga mayai. Keki ninayoieleza hapa ni ya ukoo huo: siagi hupigwa na sukari, mayai huingia moja moja, unga hufuata mwisho.

Kwa nini nasema wembamba unalifaa jiko letu? Joto huingia katika keki kutoka pembeni, chini na juu, na katikati ndiyo sehemu ya mwisho kupata moto. Keki yenye kina cha sentimita nane ikiokwa kwenye sufuria ya makaa, chini yake hukauka na kuungua wakati katikati bado ni rojo, na mpishi hulazimika kupunguza makaa, kuongeza makaa na kufunua mfuniko mara kwa mara mpaka keki inabonyea. Tabaka yenye unene wa sentimita mbili huiva kwa muda wa dakika 15 hadi 18, na katika muda mfupi hivyo makaa hayapati nafasi ya kupanda wala kushuka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kilicho hatarini ni tabaka moja au mbili, si keki nzima. Tena tabaka ikiharibika hutupwa ikaokwa nyingine, jambo lisilowezekana kwa keki ya kipande kimoja.

Sasa rangi. Kabla ya kununua rangi yoyote, mimina rojo la kawaida la keki kwenye sahani nyeupe ulitazame. Ni la njano. Unjano huo unatoka katika viini vya mayai na katika majarini, ambayo viwandani hutiwa rangi makusudi ili ifanane na siagi. Ukitia buluu ndani ya rojo hilo unapata kijani. Ukitia zambarau unapata rangi ya udongo. Waridi yako hugeuka kuwa ya pichi. Watu wengi hukimbilia kuongeza matone ya rangi, kisha keki inakuwa chungu na rangi bado haijakaa sawa. Dawa ni kuupunguza unjano mwanzoni. Tumia siagi nyeupe, na kama bajeti hairuhusu, changanya nusu ya siagi na nusu ya mafuta magumu ya mboga yaliyo meupe. Punguza viini na kuongeza ute. Tumia arki ya vanila isiyo na rangi. Na hapa ndipo mahali pekee katika upishi wote ambapo ningekushauri uliache yai la kuku wa kienyeji: kuku anayejitafutia majani huwa na kiini cha rangi ya chungwa kali, kizuri mno kwa chai ya asubuhi na kwa mkate wa mayai, lakini yai la kisasa, la kuku anayelishwa mahindi meupe, lina kiini kilichofifia ambacho hakiishindi buluu.

Kipimo ninachokitumia kinatosha tabaka sita za upana wa sentimita 18, sawa na inchi saba. Ni gramu 375 za siagi laini, gramu 375 za sukari nyeupe yenye chembe ndogo, mayai 4 mazima pamoja na ute wa mayai 5, gramu 400 za unga wa ngano laini wa keki, vijiko 4 vya chai vya beking pauda, vijiko 6 vya chakula vya maziwa, kijiko kimoja cha chai cha vanila, ganda la limau moja lililokunwa na chumvi kidogo. Limau ni chaguo langu. Mwenye kupenda iliki atie iliki, ila aisage na kuichekecha vizuri ili vidoa vyeusi visionekane katika tabaka za rangi nyepesi. Sishauri kuipa kila tabaka ladha yake. Nimeonja keki ambazo tabaka moja ni ndizi, nyingine chungwa, nyingine mnanaa, na mlaji hubaki hajui amekula nini.

Piga siagi na sukari kwa mashine ya mkono, au kwa mwiko kama mkono una nguvu, mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, kazi inayochukua dakika tano au zaidi kwa mashine. Usiharakishe hatua hii, kwa kuwa hewa inayoingia hapa ndiyo inayoifanya keki kuwa laini, na weupe unaoupata hapa ni faida nyingine kwa rangi. Ongeza mayai moja moja, kisha ute kidogo kidogo. Mchanganyiko ukianza kukatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kimoja cha unga, nao utashikana.

Mafunzo mengi huelekeza rojo lote lichanganywe, kisha ligawanywe na kutiwa rangi. Mimi nagawanya kabla ya unga, na naamini hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Baada ya mayai kuingia, mchanganyiko wa siagi, sukari na mayai una uzito wa karibu gramu 1,110. Ugawanye kwa mizani katika mabakuli sita, kila bakuli gramu 185. Tia rangi na kuikoroga utakavyo mpaka isambae sawasawa, kwa maana bila unga hakuna kitu cha kukakamaa. Unga ukishalowa, kila mzunguko wa mwiko unajenga ule mvutano unaoupa mkate wa boflo utafunikaji wake, na keki inakuwa ngumu yenye mashimo marefu. Anayehangaika kuchanganya rangi ndani ya rojo lenye unga anaikanda keki yake bila kujua. Unga nao upime katika vibakuli sita vya karibu gramu 69, ukiwa tayari umechekechwa pamoja na beking pauda. Kila tabaka inapokaribia kuingia motoni, ndipo unga wake unapochanganywa kwa mwiko bapa pamoja na kijiko kimoja cha maziwa. Mwenye vyombo viwili tu vya kuokea, kama wengi wetu, anafaidika sana na utaratibu huu: beking pauda huanza kutoa gesi mara inapokutana na majimaji, na rojo lililosubiri saa nzima kwenye meza katika joto la Dar es Salaam huingia motoni likiwa limekwisha kupoteza nguvu.

Kuhusu rangi zenyewe kuna aina tatu madukani. Rangi ya maji katika vichupa vidogo ni rahisi kupatikana lakini ni hafifu, hivyo inahitajika nyingi, na maji hayo hulegeza rojo. Rangi ya unga, ile wanayotumia wapishi wa biriani na halua, ni kali na ya bei nafuu. Iyeyushe kwanza kwa matone machache ya maji ya moto, vinginevyo itaacha vidoti. Rangi nzito ya mfano wa jeli ndiyo bora kwa keki, kwani ncha ya kijiti cha meno inatosha kwa rangi nyingi, isipokuwa nyekundu. Nyekundu kamili inadai rangi nyingi mno na huacha uchungu ulimini. Kwa maoni yangu tabaka ya waridi iliyokolea inapendeza kuliko nyekundu iliyolazimishwa, na hakuna mtoto aliyewahi kuikataa.

Soma lebo. Hakikisha imeandikwa kwamba ni rangi ya chakula, ina jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu masokoni kwetu rangi za unga za kupakia ukili wa mikeka huuzwa katika vipakiti vidogo vinavyofanana kabisa na vya rangi ya chakula, na mwuzaji mwenye haraka anaweza kukupa chochote chenye wekundu. Rangi nyingi za viwandani zina asili moja ndefu. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mabaki ya lami ya makaa ya mawe, akapata zambarau ya kupakia nguo. Rangi nyingine za namna hiyo zikafuata, na baadhi zikaingia katika vyakula. Serikali zimekuwa zikizichuja tangu hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha matokeo yaliyohusisha mchanganyiko wa baadhi ya rangi hizo na utukutu kwa watoto, na tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi sita zilizotajwa, zikiwamo tartrazini na sanseti yelo, viwe na onyo kwenye lebo. Januari 2025 Marekani nayo iliiondoa Nyekundu Namba 3 katika orodha ya rangi zinazoruhusiwa kwenye chakula. Keki ya sherehe huliwa mara chache kwa mwaka na mtoto hula kipande kimoja, lakini mzazi ana haki ya kujua kilichomo, na mpishi ana wajibu wa kutia kidogo kinachotosha.

Je, rangi za asili hazifai? Zinafaa, kwa yule anayezijua tabia zake. Bitiruti hudanganya wengi: rojo lake huwa zambarau ya kuvutia, kisha joto huivunja rangi ile na keki hutoka kahawia. Choya hutoa wekundu mzuri katika kinywaji chenye ukali wa ndimu, lakini katika rojo lenye magadi au beking pauda wekundu huo huelekea kijivu cha samawati. Manjano nayo hugeuka nyekundu ya matofali ikikutana na magadi, na harufu yake huleta mawazo ya mchuzi. Zinazovumilia moto ni zafarani na mzingefuri. Zafarani nailoweka katika kile kijiko cha maziwa cha tabaka ya njano, na hapo napata rangi na harufu kwa pamoja. Mzingefuri ni ule mti wenye matunda yenye manyoya mekundu ambao wageni wanaotembelea mashamba ya viungo Unguja huonyeshwa jinsi mbegu zake zinavyopaka midomo, na ambao wakulima wa Kwale huulima kwa ajili ya viwanda vya rangi. Rangi yake hupenda mafuta kuliko maji: pasha mbegu kijiko kimoja katika vijiko viwili vya mafuta ya kula kwa moto mdogo, chuja, kisha tumia kijiko kimoja cha mafuta hayo badala ya maziwa katika tabaka ya chungwa. Kwa njia hii tabaka mbili kati ya sita hazihitaji chupa kabisa, na unjano wa viini, ambao kwingine ni adui, hapa unasaidia.

Adui wa pili ni ukahawia wa moto. Sukari na protini za mayai na maziwa zikipata joto kali hufanya ile ngozi ya kahawia tunayoipenda kwenye mkate, lakini katika keki ya rangi ngozi hiyo hufunika kila kitu na kuacha mistari michafu kati ya tabaka. Kwa hiyo oveni iwe nyuzi 160 hadi 165 za Selsiasi, chini ya ile 180 iliyozoeleka. Paka vyombo siagi, tandika karatasi ya kuokea chini, na kiviringishe chombo kwa nje kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kikiwa kimefungwa kwa pini. Unyevu wake huzuia kingo zisiive kabla ya katikati, na tabaka hutoka tambarare bila kichuguu.

Anayetumia sufuria ya makaa atandaze mchanga mkavu safi chini ya sufuria kubwa yenye mfuniko bapa, aweke kitegemezo cha chuma juu ya mchanga, na aipashe kwa dakika kumi kabla ya kuingiza chombo. Makaa yawe yale yaliyokwisha kushika majivu, chini na juu ya mfuniko, si yale yanayotoa ndimi. Kwa mkate wa mayai tulifundishwa moto mwingi juu na kidogo chini. Kwa tabaka za rangi uwe wa wastani pande zote. Keki ikirudi juu unapoibonyeza kwa kidole na kijiti kikatoka kikavu, iondoe hapohapo, kwani dakika tatu za ziada kwa tabaka nyembamba ni nyingi.

Wenzangu wa nyanda za juu wanapaswa kurekebisha vipimo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Nairobi karibu mita 1,700, ambako maji huchemka kwa nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Hewa nyepesi huiacha gesi itanuke haraka, keki hupanda kwa nguvu kabla kuta zake hazijakomaa, kisha huanguka. Punguza beking pauda kwa robo, ongeza kijiko kimoja cha maziwa kwa kila tabaka, na upandishe joto la oveni kidogo ili keki ishikane mapema. Kipimo nilichotoa hapo juu ni cha watu wa pwani.

Tabaka zikipoa kwa dakika tano zigeuze juu ya wavu, ondoa karatasi, ziache zipoe kabisa, kisha zifunge moja moja kwa nailoni ya kufungia chakula. Zinaweza kukaa hivyo kwenye jokofu kwa siku mbili, nafasi nzuri kwa mtu anayetoka kazini jioni: aoke Jumatano na Alhamisi, apake aisingi Ijumaa, sherehe Jumamosi. Kabla ya kupanga, kata kwa kisu cha mkate sehemu yoyote iliyoinuka, na kwangua ngozi ya kahawia ya juu. Kisha ipake kila tabaka sharubati nyepesi ya gramu 100 za sukari zilizochemshwa na mililita 100 za maji na maji ya limau. Vijiko viwili vya chakula kwa tabaka vinatosha. Wembamba una gharama yake, nayo ni kukauka, na sharubati hii ndiyo inayoifanya keki ya rangi iwe tamu ya kuliwa baada ya kuwa nzuri ya kutazamwa. Keki nyingi za namna hii nilizokutana nazo ukumbini zimekosa hatua hii moja.

Aisingi katika joto letu inahitaji akili. Siagi huyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35, na mchana wa Februari jijini Dar es Salaam ukumbi usio na viyoyozi hauko mbali na hapo. Kwa hiyo aisingi yangu ni gramu 150 za siagi, gramu 200 za mafuta magumu meupe ya mboga, gramu 700 za sukari ya aisingi iliyochekechwa mara mbili, na vijiko viwili au vitatu vya maziwa baridi. Mafuta ya mboga hayana utamu wa siagi, nakiri, lakini hubaki yamesimama na ni meupe kuliko siagi, jambo tunalolitaka kwa nje. Anayeoka Lushoto au Mbeya wakati wa Juni atumie siagi tupu.

Panga kwa kuanzia zambarau chini, kisha buluu, kijani, njano, chungwa, na nyekundu au waridi juu, kama upinde wa mvua unavyojipanga angani. Kati ya tabaka na tabaka paka aisingi nyembamba, gramu 60 kila mara, tena kwa mizani, kwani macho hudanganya na keki ikikatwa kila mtu ataona mstari mnene na mwembamba. Pima unyoofu wake kutoka mbali. Kisha paka nje tabaka nyembamba sana ya kukamata chenga, iweke kwenye jokofu nusu saa, ndipo upake ya mwisho iliyo nene. Ikiwa itasafiri kwa bajaji au daladala, choma kijiti kirefu cha mishikaki katikati kutoka juu hadi chini, na umwambie kwa wazi atakayeikata kwamba kijiti kimo.

Rangi si lazima ziwe za upinde. Kwa Sikukuu ya Muungano, tarehe 26 Aprili, tabaka tano za kijani, njano, nyeusi, njano na buluu huifuata bendera ya Tanzania kutoka juu hadi chini. Mkenya anayeadhimisha Jamhuri tarehe 12 Desemba atapanga nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyeupe na kijani. Nyeusi usiitafute kwenye chupa peke yake: badilisha gramu 15 za unga kwa kakao iliyokoza sana, kisha nyeusi kidogo tu itamalizia. Mashabiki wa Simba wataridhika na nyekundu na nyeupe, wa Yanga na kijani na njano, na kwao wote mpishi hupumzika, kwa kuwa rangi ni mbili tu.

Itoe keki kwenye jokofu saa moja kabla ya kukatwa, kwa sababu siagi baridi huifanya iwe ngumu mdomoni. Kisu kiwe kirefu, kichovywe katika maji ya moto na kupanguswa baada ya kila mkato. Kisu kilichopita kwenye zambarau bila kupanguswa huchafua njano. Mkato wa kwanza wa mwenye sherehe uende mpaka chini kabisa, na wa pili ufuate karibu yake, ili kipande kitoke kizima watu wakione. Kwa kuwa keki hii inafika urefu wa sentimita 14 hivi, kipande hakiwezi kulishwa kikiwa kimesimama. Kilaze kwenye sahani, ukikate kwa upana katika vijipande vya rangi mbili mbili, na uvichome vijiti, ili bibi alishwe waridi na chungwa na mjomba apate buluu na zambarau. Wageni wengine wakatiwe vipande vyembamba vya upana wa kidole, na keki moja hutosha watu 20 hadi 25. Itakayobaki ifungwe vizuri na kurudishwa kwenye jokofu, iliwe ndani ya siku tatu. Viini vitano vilivyotolewa mwanzoni vipikiwe kastadi siku ileile ya kuoka, kwa maana havikai.